Fundi wa stima wa Donholm aliyetatua soketi ya bafu: nampa nne kwa tano

Kama soketi ya bafuni inashika na kuacha, usikimbilie kununua ingine. Yetu ilikuwa inazima mashine ya kufua katikati ya kazi, ukisukuma plagi kidogo inawaka, alafu kulikuwa na harufu ya samaki na hakuna mtu amepika samaki hii nyumba, kumbe plastiki ya soketi ikiungua ndio hunuka hivyo. Fundi aliyeletwa na keateka alibadilisha soketi, akalipwa, na shida ikarudi wiki hiyo hiyo.

Huyu wa Donholm ana kaduka ka vifaa vya stima karibu na steji na leseni ya EPRA (ile mamlaka ya kawi na petroli) ameibandika ukutani. Alichelewa sana, ati jam ya Outering (si huwa ni Outering tu), lakini kazi anaijua. Aliacha mashine imechomekwa na swichi ikiwa on, akaingiza testa kwa soketi ya pili hapo kando: tundu la laivu (linaloleta moto) likawaka, la nyutro (linalourudisha, halifai kuwasha testa) nalo likawaka! Akasema moto unafika vizuri ila hauna njia ya kurudi, nyutro imeachia mahali, soketi haina makosa. Akazima meni swichi, akafungua soketi ya bedroom iliyo nyuma ya ukuta huo huo, ile tunachajia simu kila siku bila shida, na ndani waya mweusi, ndio nyutro, wa kuenda bafuni ulikuwa umelegea kwa skrubu, ganda limeyeyuka na shaba imekuwa nyeusi tititi. Mashine ikianza kuchemsha maji inavuta ampia kama nane hivi, na hapo palipolegea ndio panapika. Akakata palipoungua, akabadilisha hiyo soketi na kukaza kila kitu.

Angeweza kuenda hapo. Badala yake akauliza RCD iko wapi, ile ya milliampia 30 inayokata stima kabla ikumalize, na hatukuwa nayo. Akaweka, akabonyeza kile kidude cha test mbele yangu ikakata. Alafu akatuambia soketi ya 13 ampia haifai kuwa karibu na shower, bafuni inaruhusiwa ile ndogo ya mashine ya kunyoa, so yetu akaitoa akaipeleka koridoni.

Elfu saba na mia tano pamoja na vifaa, si bei rahisi. Nyota moja nimetoa juu ya shimo aliloacha ukutani, anasema plasta si kazi yake, na landlord naye anasema si yake.