Galaxy ya Ulaya kwa watafiti wa Unguja na Pemba: lebo inajua aina, haijui majina

Galaxy ni jukwaa la mtandaoni la kuchambua data za jenetiki bila kuandika programu. Akaunti ya usegalaxy.eu, seva yake iliyoko Freiburg, Ujerumani, ni bure, na aliyejisajili hupewa nafasi ya GB 250. Kwa mwenye laptopu ya kawaida hiyo ni neema: kazi nzito hufanyika huko huko, umeme ukikatika Chake Chake haisimami. Data iliyokwisha wekwa hadharani usiishushe kwanza kwako. Bandika namba yake ya SRR (utambulisho wa data kwenye hifadhi ya umma) kwenye kifaa cha Faster Download, seva iivute yenyewe, bando lako lipone.

Galaxy inatumia EDAM, ontolojia, yaani kamusi ya istilahi, inayoipa namba kila fomati na kila kitendo: FASTQ (mifuatano ya DNA kutoka kwenye mashine) ni format_1930, BAM (mifuatano iliyokwisha pangwa juu ya jenomu) ni format_2572, VCF (orodha ya mabadiliko yaliyoonekana) ni format_3016. Orodha ya vifaa inaweza kupangwa kwa vitendo vya EDAM badala ya majina ya programu, kwa hiyo asiyewahi kuisikia FreeBayes, programu ya kutafuta mabadiliko ya DNA, ataikuta kwa kutafuta kazi anayoitaka. Kwenye ubao wa kuchora mtiririko, yaani mlolongo wa vifaa, BAM haikubali kuchomekwa panapotakiwa FASTQ. Safi kabisa.

Ukali huo una usumbufu wake. Faili likiandikwa fastq tupu, BWA-MEM, programu ya kupanga mifuatano juu ya jenomu, haitaliona hata kwenye orodha, kwa sababu inataka fastqsanger, yaani ijue alama za ubora zimehesabiwa kwa kipimo gani. Bonyeza kipenseli, nenda kwenye aina ya data, chagua fastqsanger, au fastqsanger.gz ikiwa faili limebanwa. Data ya zamani ya Illumina iliyotumia kipimo kingine usiibandike jina tu. Ipitishe kwanza FASTQ Groomer, kifaa cha kubadilisha kipimo.

Tatizo kubwa liko pengine. Chukua kazi inayofahamika visiwani, vimelea vya malaria, Plasmodium falciparum, na jeni la kelch13 linalochunguzwa kwa usugu wa dawa mseto. Mtiririko ni fastp (kusafisha data), BWA-MEM, FreeBayes, kisha kulinganisha VCF na GFF, faili lenye mipaka ya jeni. Jenomu ikitoka NCBI, hifadhi ya umma ya Marekani, kromosomu ya 13 inaitwa NC_004331.3, na VCF huchukua jina hilo. GFF ikitoka PlasmoDB, hifadhi ya jenomu za vimelea vya malaria, kromosomu ile ile inaitwa Pf3D7_13_v3. Fomati zote mbili sahihi, waya unaunganika, kazi inageuka kijani kuonesha imekamilika, na jibu ni faili tupu. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Mgeni husema sampuli hazina mabadiliko kwenye kelch13, na hapo ndipo hatari ilipo. Gunia limeandikwa karafuu, ndani makonyo. Galaxy inasoma maandishi ya nje ya gunia.

Dawa yake ni kuchukua jenomu na GFF chanzo kimoja tangu mwanzo. Ukishachelewa, tengeneza faili la safu mbili, jina la zamani na jipya, kisha ubadilishe safu ya kwanza ya GFF kwa kifaa cha Replace column. Usiiguse VCF kwa kifaa hicho: majina ya kromosomu yamo pia kwenye kichwa chake, na yatabaki ya zamani.

FreeBayes nayo huanza na hesabu ya nakala 2 za kromosomu, kama za binadamu. Kimelea kilichomo kwenye damu kina nakala 1, na hakuna lebo itakayokukumbusha. Weka 1 kwa mkono. (Mgonjwa mwenye aina mbili za vimelea kwa pamoja ni kesi nyingine, na ngumu.)

Mapendekezo ya kifaa kinachofuata si ya kutegemewa sana. Yametokana na mitiririko ya watumiaji wengine, kwa hiyo yanakuonesha njia iliyozoeleka, ambayo huenda si ya swali lako.

Hata hivyo, ukiilinganisha na Taverna, mfumo wa zamani wa kuendesha mitiririko, Galaxy iko mbele. Taverna iliita huduma zilizotawanyika kwenye seva za watu. Moja ikizimwa, mtiririko mzima unakwama. Mradi wenyewe ulistaafishwa mwaka 2020 na Apache, taasisi ya programu huria iliyoulea. Galaxy huendesha vifaa kwenye mitambo yake na kuhifadhi namba ya toleo la kila kimoja.

Ukimpa mwenzako wa Tunguu mtiririko wako, faili la .ga linalohifadhi mtiririko pekee halitoshi, kwani halibebi data. Mpe na jenomu ile ile, GFF ile ile.