Swingi au bibopu: kikundi kipya cha jazi kianze na ipi?

Neno swingi kwa Kiingereza ni kubembea. Ndani ya jazi lina maana mbili: mtindo uliotamba Marekani kati ya 1935 na 1945, na ule mwendo wa kuyumba wa mdundo, ambao bibopu, mtindo wa jazi wa kasi unaopigwa na vikundi vidogo, nayo inao. Kwa hiyo anayesema bibopu haina swingi anachanganya mambo.

Kwa gharama, bibopu inashinda waziwazi. Wanamuziki wa bibopu Charlie Parker na Dizzy Gillespie walitamba na kikundi cha watu 5. Bendi kubwa ya swingi, kama ya Count Basie, huhitaji watu kama 15, na kila mmoja na karatasi yake ya noti za muziki.

Kwa kujifunza, swingi ina huruma zaidi: mgeni hupiga sehemu aliyoandikiwa huku wenzake wakimbeba. Bibopu haimfichi mtu. Kasi ni kali, kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) hubadilika upesi, nawe unabuni papo hapo. Naipenda mno, lakini huwavunja moyo wengi wanaoanza.

Kwa dansi, swingi.

Mkiwa wengi na watu wanataka kucheza, chukueni swingi. Mkiwa wanne au watano wenye muda wa mazoezi kila siku, bibopu itawafaa.