Uzoefu wangu: chemsha bongo ya QuizBot, na ubishi unaofuata

Nianze na hukumu, ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nayo: kama mnataka kujibu maswali tu, programu yoyote ya chemsha bongo itawatosha. Kama mnataka kubishana, ingieni Telegram, itafuteni QuizBot, na maswali mtunge wenyewe.

Sisi ni watu tuliosoma chuo pamoja, kisha kila mmoja akashika njia yake. Kuna wa Mwanza na wa Kigoma, kuna Mzanzibari, dada mmoja wa Bujumbura, jamaa wa Jinja, na mwenzetu anayefanya kazi Muscat. Kundi lilikuwa limebaki la michango ya harusi na pole za misiba. Siku hizi Jumapili saa tatu usiku kwa saa za Dar (Bujumbura saa mbili, Muscat saa nne) watu wanakaa tayari na simu zimejaa chaji.

Tulianza na programu moja ya kulipia, ambayo jina lake nalihifadhi. Sura nzuri, muziki mzuri, maswali lukuki. Shida ilikuwa maswali yenyewe. Iliuliza nchi kubwa kuliko zote Afrika, tukajibu Algeria, ikatukosesha: jibu lake eti Sudan. Sudan ilikuwa ikiongoza hadi Julai 2011, Sudan Kusini ilipojitenga. Tangu hapo ni Algeria, na Kongo ya Kinshasa inafuata. Ikaja kuuliza mji mkuu wa Burundi, ikasema Bujumbura. Dada yetu hakuandika neno, alituma tu stika ya mtu anayefunga begi. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu mwanzoni mwa 2019, Bujumbura ikabaki na biashara. Maswali mengine yalikuwa ya besiboli na vipindi vya televisheni vya Marekani, na ubishi hauwezi kuwaka juu ya jambo ambalo hakuna anayelijali. Hatukulipia mwezi wa pili.

Kahoot ya Wanorwei nayo tuliigusa. Ni nzuri mkiwa chumba kimoja, swali likiwa kwenye skrini kubwa na kila mtu anabonyeza rangi kwenye simu yake. Ila inagawa pointi kwa wepesi wa kujibu, hadi 1,000 kwa swali, na kati ya mtu mwenye faiba Muscat na mtu anayetafuta mtandao kilimani Kigoma, mshindi mnamjua kabla hamjaanza. Darasani, sawa. Kwetu hapana.

QuizBot iko ndani ya Telegram yenyewe. Kura za aina ya chemsha bongo ziliingizwa huko Januari 2020, na kuzitumia ni bure. Unaipa chemsha bongo yako jina, kisha unatunga swali moja moja: swali, majibu ya kuchagua, unaweka alama kwenye lililo sahihi. Unaweza kutanguliza picha, iwe ramani, bendera au sarafu ya zamani. Unapanga muda wa kujibu, na kama maswali na majibu yachanganywe au yakae ulivyoyaweka. Ukiipeleka kwenye kundi, inangoja angalau watu wawili wabonyeze kwamba wako tayari, halafu inaanza. Ukipata, vipande vya karatasi za rangi vinamwagika kwenye skrini. Ukikosa, simu inatetemeka mkononi. Mwishoni inapanga watu kwa idadi ya majibu sahihi, na waliolingana inawatenganisha kwa muda waliotumia.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba jibu ukishaligusa halibadiliki, na kundi zima linaona nani kachagua nini. Ule wimbo wa "mimi nilijua, kidole kiliteleza" umekufa. Tena mtunzi anaweza kuweka maelezo mafupi, yanayofunguka ukigusa alama ya balbu. Humo ndimo tunamoweka ushahidi. Nafasi yake ni herufi 200, kwa hiyo hotuba hakuna.

Hotuba zinakuja baadaye.

Mtunzi wa zamu alikuwa wa Mwanza, na aliuliza: Mto Nile unaanzia wapi? Majibu ya kuchagua: Jinja, Rutovu, Nyungwe, Ziwa Tana. Huyo alijua anachofanya. Jamaa wa Jinja alishagusa Jinja kabla mimi sijamaliza kusoma swali. Hoja yake: Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika pale Julai 1862, akaona maji yakitoka ziwani kwenye maporomoko aliyoyaita Ripon, akatangaza kwamba chanzo kimepatikana, na biashara ya watalii ya mji mzima imesimama juu ya habari hiyo. Dada wa Bujumbura akamjibu kwamba ziwa ni bakuli, na bakuli halizai maji, limejazwa. Mto mkubwa unaoingia Ziwa Victoria ni Kagera. Ufuate kwenda juu, uingie Ruvubu, halafu Ruvyironza, utatokea Rutovu, kusini mwa Burundi. Kuna piramidi ndogo ya mawe juu ya kilima, ilijengwa 1938 kuonyesha mahali penyewe. Akatuma picha akiwa amesimama mbele yake. Kumbe picha alikuwa ameiweka akiba kwa siku kama hiyo.

Mzanzibari, ambaye hana mto wa kutetea, akachomekea Nyungwe. Mwaka 2006 kuna msafara uliopanda Nile kutoka baharini hadi kwenye mto Rukarara, katika msitu ule wa Rwanda, na wenyewe wakasema huko ndiko mbali kuliko kote. Hapo Burundi na Rwanda zikawa zinagombana bila Mnyarwanda hata mmoja kundini. Wa Muscat, mtu mpole, akauliza tu: maji yanayofika Misri mengi yanatoka wapi? Mengi yanatoka nyanda za juu za Ethiopia, Nile ya Buluu ikitangulia. Kimya kidogo. Halafu mtunzi akakumbusha kwamba Speke huyohuyo aliliona ziwa kwa mara ya kwanza mwaka 1858 akiwa upande wa Mwanza, kwa hiyo wote wakae chini.

Kwa maoni yangu swali lilikuwa zuri ila halikukamilika. Ukisema "mahali mbali zaidi kutoka baharini", wanabaki Burundi na Rwanda. Ukisema "mahali Nile inapotoka Ziwa Victoria", Jinja anachukua pointi zake na watu wanalala mapema. Nani lakini anataka kulala mapema Jumapili?

Lingine lililotukesha ni vita vifupi kuliko vyote katika historia. Kwamba vilipiganwa Zanzibar, 27 Agosti 1896, hilo halina mbishi. Dakika ngapi ndiyo kesi. Mzanzibari wetu alituma voisi noti ndefu kuliko vita vyenyewe. Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, alipewa na Waingereza hadi saa tatu kamili asubuhi awe ameondoka kwenye kasri. Mizinga ya manowari za Waingereza ikaanza saa tatu na dakika mbili, ikanyamaza yapata saa tatu na dakika arobaini. Hapo unapata 38, namba inayotajwa sana. Ila ukihesabu tangu muda wa onyo ulipokwisha, na ukawafuata wanaosema ilinyamaza saa nne kasorobo, unapata 45. Tangu siku hiyo ni sheria: 38 na 45 haziruhusiwi kukaa kwenye swali moja.

Kuna maswali mengine ambayo sasa tunayatengeneza kabla hayajaingia. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika? Andika "kwa eneo", la sivyo wa Kigoma hamtamweza. Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake ni mita 80 na kitu, wakati Tanganyika linashuka hadi mita 1,470 na lina maji mara kadhaa ya Victoria. Afrika ina nchi ngapi? Sema kama unahesabu wanachama wa Umoja wa Mataifa, 54, au wa Umoja wa Afrika, 55, kwa kuwa wa pili wanayo Sahara Magharibi. Na usithubutu kuuliza Tanzania ilipata uhuru mwaka gani. Tanganyika ni 9 Desemba 1961, Zanzibar 10 Desemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964. Swali hilo limekosea kabla ya mtu kujibu.

Kuhusu muda, sekunde 30 zinatosha kabisa mtu kukimbilia kugugo na kurudi. Sisi tumeshuka hadi 15. Muda mliouchagua unashika chemsha bongo nzima, kwa hiyo maswali marefu na ya picha tunayatengea ya kwao yenye muda mrefu zaidi. Hata kwa sekunde 15 yupo ambaye anapata majibu yote ya kemia, mtu aliyesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Tunamtazama tu.

Rufaa zinapokelewa usiku huohuo, na mkata rufaa alete chanzo kinachosomeka. Alama hazibadilishwi hata akishinda, maana tukianza kubadilisha hatutamaliza. Swali linaandikwa tu "lenye utata" na mtunzi anataniwa wiki nzima. Wapo wasioipenda sheria hii, hasa waliokosa ushindi kwa pointi moja.

Bando halilalamikiwi. Maswali na kura kwa sehemu kubwa ni maandishi matupu, yanapita hata mtandao ukiwa dhaifu. Kinachokula bando ni voisi noti za baada ya mchezo, na hizo hakuna wa kuzizuia. Kwa anayeanza, ningemshauri aanze na maswali machache, ahakiki kila jibu mwenyewe badala ya kubeba ya mtandaoni, na angalau moja liwe la kuwagombanisha.

Jumapili ijayo zamu ya utunzi ni ya jamaa wa Jinja. Ameshakatazwa swali lolote lenye mto ndani yake.