bq51050B: kipokezi cha chaji bila waya kwa kifaa cha betri moja

Kwa kifaa kidogo chenye betri moja ya lithiamu kinachotakiwa kuchajiwa juu ya chaja ya Qi (kiwango cha kuchaji bila waya), Texas Instruments wana chipu mbili zinazoshindana: bq51013B na bq51050B. Zote ni za hadi wati 5, na zote zinapatikana katika umbo la VQFN (lisilo na miguu) lenye pini 20, milimita 3.5 kwa 4.5. Kwa kazi hii chukua bq51050B.

Sababu ni joto. bq51013B inatoa volti 5, kwa hiyo nyuma yake lazima uweke chipu nyingine ya kuchaji betri. Wengi huweka ile ya bei rahisi inayoshusha volti kwa kuunguza ziada. Betri ikiwa na volti 3.7 na mkondo ukiwa nusu ampea, wati 0.65 zinageuka joto. Betri ikishuka hadi volti 3.0, ni wati 1 nzima. Ndani ya ganda la plastiki lililofungwa, betri ikiwa imebanwa pembeni, hilo ni joto jingi mno. bq51050B inachaji betri yenyewe, na inaiambia chaja iongeze au ipunguze nguvu ili volti za ndani zikae juu kidogo tu ya zile za betri.

Angalia herufi na namba zote kabla ya kuagiza. bq51050B hukomea volti 4.20, ndugu yake bq51051B hukomea 4.35. Hiyo ya pili ukiifunga kwenye betri ya 4.20 umetengeneza hatari ya moto.

Mkondo wa kuchaji unapangwa kwa rezista ya ILIM, pini inayoweka kikomo cha mkondo: gawanya 314 kwa ampea unazotaka. Kwa ampea 0.4 ni omu 785, na rezista ya FOD (ya kutambua chuma kigeni juu ya chaja) imo ndani ya jumla hiyo, usiisahau.

Sasa koili, ambako ndiko miradi mingi hufia. Kapasita ya mfululizo, C1, inatakiwa iitikie (itetemeke kwa mwangwi) kwenye kilohezi 100 pamoja na koili. Koili ya maikrohenri 15 inataka takriban nanofaradi 169. Lakini 15 hiyo ni ya wapi? Ukipima koili ikiwa mezani peke yake, umepima kitu kingine. Ipime ikiwa na feraiti yake (bamba linaloelekeza uga wa sumaku) mgongoni, betri ikiwa mahali pake, ganda limefungwa, na kifaa kimelala juu ya koili ya chaja isiyowashwa. Hapo kipimo kinaweza kupanda hadi 18, na C1 sahihi inakuwa nanofaradi 141. Ukibaki na 169 umeshuka hadi kilohezi 91 hivi, na dalili zake ni chaji inayokatika na kurudi, au kifaa kinachokubali kikiwekwa katikati kabisa tu. Tumia kapasita za volti 50, za seramiki aina ya C0G au X7R, na ugawanye thamani hiyo kwa mbili au tatu sambamba ili mkondo usiipashe moto moja peke yake.

Feraiti usiipunguze wala kuiacha ukitafuta wembamba. Bila hiyo, bati la betri linakula nguvu na kuchemka, na chaja inaweza kudhani kuna sarafu katikati ikajizima.

Wakati wa kusolda, pedi ya katikati chini ya chipu lazima ishike vizuri kwenye graundi, kwani joto hutoka kupitia hapo. Pini ya TS, ya kufuatilia joto la betri, iunganishe na thamista ya kiloomu 10 iliyogusa betri.

Kasoro ya bq51050B ni kwamba betri na kifaa vinanywa kwenye mlango mmoja. Chaji ikipangwa ikate kwenye miliampea 40 na kifaa kilichowashwa kinavuta 60, haitakata. Kwa kipima joto kinacholala muda mwingi hilo si tatizo. Kwa spika inayopiga muziki huku ikichajiwa, rudi kwa bq51013B na uifuatishe na chipu ya kuchaji inayotenganisha njia ya betri na ya kifaa.