Brauza inayojilogini yenyewe: yaliyonikuta steshenari, na kwa nini sasa natumia Firefox

Nina steshenari ndogo karibu na chuo, kompyuta tatu, printa mbili na mashine ya kopi. Kazi kubwa ni kuprinti, kuskani, kutengeneza CV, na msimu wa maombi ukifika ndio kuwasaidia vijana kujaza fomu za mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania) na maombi ya kazi. Siku yenye watu wanaweza kupita hamsini kwenye kiti kilekile, kila mmoja anafungua imeili yake kwenye mashine ileile, anatoa faili lake, analipa, anaondoka. Kwa hiyo ishu ya brauza, ile programu ya kufungulia tovuti, kujilogini yenyewe, yaani kuingia kwenye akaunti ya mtu bila kuambiwa, inanigusa kwenye ugali kabisa.

Brauza niliyokuwa natumia sitaitaja, ni moja ya zile zilizozoeleka, na kwa kasi haikuwa na tatizo. Tatizo ni hiki kitabia chake: mteja akifungua imeili ili apakue barua yake tu, brauza nzima nayo inachukua ile akaunti. Pale juu kwenye kona kinatokea kiduara chenye picha yake. Yeye kaingia kwenye imeili, hajasema kokote kwamba anataka brauza ya dukani kwangu iwe yake, ila ndivyo inavyokuwa, halafu hapohapo inaletwa kadi yenye kitufe cha rangi ya bluu kilichokolea, ukikibonyeza umekubali kusawazisha, yaani bukmaki (tovuti zilizowekwa alama), historia na paswedi vya kwenye mashine vinaenda kwenye akaunti yake na vya kwake vinakuja kwenye mashine. Neno la kukataa lipo pembeni, jembamba, la kijivu, mtu mwenye haraka halioni.

Siku moja alikuja mama mmoja mwalimu kuprinti barua ya uhamisho. Nilikuwa nahangaika na karatasi iliyokwama kwenye printa, mdogo wangu ndiye aliyemhudumia, na ile kadi ilipotokea akabonyeza bluu ili iondoke watu wasonge mbele maana foleni ilikuwa mpaka mlangoni. Simlaumu hata kidogo, ningekuwa mimi ningebonyeza vilevile. Mama akachukua barua yake, akashukuru, akaenda.

Jioni nimekaa nataka kufungua tovuti moja inayoanza na herufi "d". Nikagusa tu hiyo d, brauza ikanimalizia sentensi nzima, kitu ambacho mama yule alikuwa amekitafuta kwenye simu yake, habari za ugonjwa. Sitasema ni nini. Nilijisikia vibaya sana, nikainamisha kichwa kama nimefungua mlango wa chumba cha mtu bila kubisha hodi, maana yule mama namwamkia shikamoo, watoto wake nawafahamu, na sasa najua kitu ambacho pengine hata nyumbani kwake hakijulikani. Na mimi sikuchungulia popote, nimeandika herufi moja.

Nikaitoa akaunti yake na kufuta vya kwake vyote, nikadhani yameisha. Siku ya tatu akanipigia. "Mwanangu, hebu niambie, huyu mtoto ameshika simu yangu anataka kuingia kwenye maombi yake, mbona inaleta jina la mtu mwingine na paswedi imeshajiandika yenyewe?" Mikono ilinitetemeka. Zile paswedi zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye mashine ya dukani, ya imeili ya duka na za wateja ambao wakati wa kujaza fomu waliulizwa "ihifadhiwe?" wakabonyeza ndiyo, zote zilikuwa zimehamia kwenye simu ya mama wa watu. Nilifunga duka nikamfuata kwake, tukakaa sebuleni tukafungua orodha pamoja, kwa ruhusa yake, tukafuta moja moja huku mimi naandika majina kwenye daftari. Yalikuwa thelathini na moja. Mama alikuwa mwema, hakufoka, alisema tu "na vyangu je, kwako viko wapi?" Nikamjibu nimevifuta. Nilichokiona sikumwambia na sijui kama nilifanya sawa.

Sasa jamani, hii habari sio ngeni, na sio ya brauza moja. Mwezi Septemba 2018 Chrome, brauza ya Google, ilipotoka toleo la 69, ndipo watu wengi walipogundua kwamba ukiingia Gmail au huduma yoyote ya Google, brauza nayo inajiingiza. Matthew Green, profesa wa kriptografia (elimu ya kufunga taarifa kwa siri) pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins Marekani, akaandika waziwazi kwamba yeye na Chrome basi. Google walijibu kwamba kujilogini hakuwashi usawazishaji, mpaka mtu akubali mwenyewe, na kwamba lengo lilikuwa kusaidia wanaotumia kompyuta moja watu wengi, ili data za huyu zisichanganyike na za yule. Wiki hiyohiyo wakaahidi kuweka swichi ya kuzima mambo hayo, ikaja na toleo la 70 mwezi Oktoba. Ipo mpaka leo kwenye setingi, inaruhusu au inakataza kulogini kwenye Chrome. Edge, brauza ya Microsoft, nayo, ukiwa umeingia Windows kwa akaunti ya Microsoft, huwa inajiingiza kwa akaunti hiyohiyo.

Mimi hiyo hoja ya kompyuta ya watu wengi naielewa, kile kiduara kinasaidia kweli kukumbuka nani hajatoka. Ila kwa sisi wenye kompyuta ya watu wengi hasa, kati ya kulogini na kusawazisha inabaki bonyezo moja, na hilo bonyezo anaweza kulifanya mtu ambaye akaunti wala sio yake. Hapo ndipo ninapokataa. Mtu akiingia kwenye imeili aingie kwenye imeili, brauza imuulize kwanza, kwa maneno yanayoeleweka, tena jibu la hapana liwe na ukubwa uleule wa ndiyo.

Firefox, brauza ya Mozilla, natumia mashine zote tatu, sasa ni mwaka na miezi kadhaa. Mteja akifungua Gmail anakuwa ndani ya Gmail tu, Firefox yenyewe haijihusishi. Inayo akaunti yake ya Mozilla lakini unaiingia kwa kutaka mwenyewe, na hata ukiiingia vitu vinafungwa kwa siri kwenye mashine yako kabla ya kutumwa, Mozilla wenyewe hawawezi kuvisoma. Kwa duka nimezima kabisa swali la kuhifadhi paswedi, nimeweka pia itumie hali ya faragha muda wote, kwa hiyo nikifunga dirisha na historia na logini zote zinakwenda. Kila mteja akinyanyuka tunafunga brauza yote, ndio amri ya duka. Ile taarifa ya kiufundi inayotumwa Mozilla nimeizima, hiyo inakuja ikiwa imewashwa kwa hiyo usisahau. Wateja wengine huuliza mbona leo sio ile ya siku zote, nikiwaeleza kwa nini wanaelewa haraka sana, na wengi hapohapo wanatoa simu wanataka niwaangalizie zao.

Kama umeshindwa kuhama, Chrome na Edge zina hali ya mgeni, dirisha la muda ambalo likifungwa halibakizi historia wala logini. Wateja wafungulie hiyo, usiwaweke kwenye profaili yako ya kazi. Na tukumbuke Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023. Sisi wa steshenari tunapitishiwa vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa), barua za hospitali, kila kitu, huwezi kuniambia hayatuhusu.

Wale thelathini na moja nimewapigia karibu wote, nikawaeleza ukweli, wakabadilisha paswedi nikiwa nao kwenye simu. Wawili namba zao hazipatikani mpaka leo. Hao wawili walijaza maombi kwangu msimu ule kabla sijahamia Firefox, na majina yao yako kwenye karatasi niliyobandika jirani na mashine ya kopi, wakiingia tu niwaone. Na wewe kama uliwahi kujaza fomu kwenye duka la mtu na hukumbuki ulibonyeza nini, ibadilishe paswedi yako leo.