Fremu za zamani za mashindano: pitisha kidole nyuma ya shingo kabla ya kulipa
Mwaka jana nilinunua fremu ya mashindano, iliyopakwa rangi mpya ya bluu, kutoka kwenye rundo la baiskeli za mitumba hapa Mwanza, na siku ya kwanza nilipoteremka nayo kutoka Bugando usukani uliyumba hata nikalazimika kushuka na kuikokota. Fundi wangu wa Kirumba hakuhitaji kipimo: alipitisha kidole chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya shingo, yaani bomba fupi la mbele linaloshika uma wa gurudumu, akakuta mkunjo.

Kwa hiyo uzito na urefu sitavijadili, kwani kila muuzaji huvitaja. Mabomba ya Reynolds 531, chuma kilichoanza kuuzwa mwaka 1935, ni manene kwenye ncha na membamba katikati, na baiskeli ikigonga kitu kwa mbele, bomba hujikunja pale unene unapoishia. Pembe ya shingo, ambayo kwenye fremu nyingi za miaka ya 1970 ilikuwa takriban digrii 73, husimama zaidi, na kwa kila digrii moja gurudumu hupoteza kiasi cha milimita 6 kati ya zile 55 hivi ambazo hugusa ardhi nyuma ya mstari wa shingo, na ambazo hulifanya lijinyooshe lenyewe.

Ya kwanza kwangu ni Raleigh yenye kibandiko cha 531, na sifichi kwamba naipendelea. Ekseli za pedeli za hesi (mistari ya skrubu) ya Kiingereza, mistari 24 kwa inchi, bado zinatengenezwa, na kikombe cha kulia kinachoishikilia ekseli kwenye fremu hukazwa kwa kuzungushwa kushoto ili kisilegee. Ila ihesabu mistari hiyo, kwa kuwa Raleigh nyingi za Nottingham zilikuwa na 26. Ya pili ni Peugeot PX-10, tamu mno barabarani, lakini hesi yake ya Kifaransa ya milimita 35 itakuzungusha mjini mzima ukitafuta kipuri. Fremu za Kiitalia za mabomba ya Columbus naziweka nyuma kwa sababu ya bei tu. Za chuma cha kawaida zinafaa kubebea mkaa.

Nilipomrudia muuzaji, alisema fremu ilitoka hivyo kwenye kontena, ilhali rangi ilikuwa bado inanuka. Fremu isiyopakwa huiuza kwa bei pungufu, akidai kwamba kutu imeiharibu. Hiyo ndiyo ninayoichukua.