TAHADHARI: "Dhamana ya saa 24" kwa vifaranga wa tausi ni mtego

Wafugaji wenzetu, kama kuna mtu anakuuzia vifaranga wa tausi wa siku moja mtandaoni, usitume hela kabla hujasoma hapa.

Mchezo unakwenda hivi. Tangazo lina picha ya dume mkubwa aliyechanua mkia. Chini yake imeandikwa: vifaranga wa siku moja, jozi dume na jike, wamechanjwa, dhamana saa 24. Unalipa, boksi linakuja na basi, ukifungua unawakuta wazima, wanalia, wanakimbia. Siku ya tatu wanaanza kuzubaa na kushusha mabawa. Ya nne na ya tano wanakufa mmoja mmoja. Ukimpigia muuzaji anakwambia umewapiga baridi, na dhamana ilikwisha tangu juzi.

Hizo saa 24 hazikuwekwa kwa bahati. Kifaranga anapokaribia kuangua hufyonza kiini cha yai kilichobaki kikaingia tumboni, na akiba hiyo humbeba siku mbili hadi tatu bila kula wala kunywa. Ndiyo maana anafika mzima hata kama hajawahi kudonoa kitu maishani mwake. Kwa kuku hilo si tatizo, kwani kifaranga wa kuku hudonoa mwenyewe. Wa tausi hufundishwa: mama huokota chakula na kumnyooshea kwa mdomo. Aliyetoka kwenye mashine hana wa kumwonyesha, naye anaweza kufa njaa amesimama juu ya chakula. Muuzaji anayejua kazi yake anajua hili vizuri kabisa. Anayewatoa mashineni asubuhi na kuwapandisha basi jioni anakuuzia kiini, na dhamana yake inakatika kabla kiini hakijakwisha.

Kwa hiyo nunua kifaranga aliyekwishaanza kula, wa siku 10 au zaidi. Bei itakuwa juu, na ni haki iwe juu, maana vifo vya wiki ya kwanza amevibeba muuzaji. Omba simu ya video, si video iliyorekodiwa. Mwambie aweke chakula mbele yako na uone wanadonoa na kumeza. Wakifika, papasa gole (mfuko wa chakula) chini ya shingo: la aliyekula lina kitu laini ndani, la asiyekula ni ngozi tupu.

Neno "jozi" nalo ni uongo wa wazi. Tausi wa siku moja hatambuliki jinsia kwa macho. Shingo ya bluu ya dume na ya kijani ya jike hujitokeza baada ya miezi, na mkia kamili wa dume husubiri mwaka wa tatu. Kabla ya hapo ni kipimo cha vinasaba tu, na mwenye kipimo anaonyesha karatasi.

Halafu kuna wanaouza ndege wengine kabisa. Kanga ndiye anayetumika zaidi. Mtazame kichwani: kifaranga wa kanga ana mistari ya kahawia iliyokolea, na mdomo na miguu yake ni ya rangi ya chungwa. Wa tausi ni wa kahawia ya manjano, miguu mirefu iliyopauka, na tangu anaangua tayari ana manyoya ya bawa yanayoonekana. Ndani ya wiki moja hivi anaruka, kwa hiyo bruda (kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga) isiyofunikwa wavu haimzuii. Kishungi kichwani huonekana akikaribia mwezi mmoja. Bata mzinga utamjua kwa kinundu kidogo cha nyama juu ya mdomo, hata akiwa mchanga. Wale wa manjano wanaoitwa "tausi weupe" wachunguze zaidi. Ni kweli tausi mweupe huangua akiwa wa manjano, lakini hata kuku wa nyama ni wa manjano. Fungua bawa lake uone manyoya.

Mizani ya jikoni inasaidia kuliko maneno. Yai la tausi lina gramu 90 hadi 110, rangi ya maziwa, halina madoadoa. La bata mzinga ni dogo kidogo na kwa kawaida lina madoa ya kahawia, la kanga ni gramu 40 hivi, gumu na limechongoka. Kifaranga hutoka na theluthi mbili hivi za uzito wa yai, kwa hiyo wa tausi ni gramu 60 hadi 70, wa kanga hafiki 30. Usitegemee siku za kuangua kukuumbulia udanganyifu: tausi ni siku 28, na bata mzinga ni 28 vilevile.

Kuhusu hela, ukishatuma ya kwanza "na ya kutolea", zinafuata za boksi, za konda, za kibali, za chanjo kwa kila kichwa. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) ni tone moja jichoni, na kichupa kimoja kinatosha ndege wengi sana. Kibali kinachotajwa omba nakala, uipeleke kwa mamlaka ya wanyamapori, TAWA kwa Tanzania au KWS kwa Kenya, wakuthibitishie kabla ya malipo.

Kama boksi limeshafika, usikate tamaa, lakini fanya haraka. Joto nyuzi 35 wiki ya kwanza, kisha shusha nyuzi 3 kila wiki. Chini weka maranda, si gazeti: linateleza, na miguu inatanuka. Anza na maji. Chovya ncha ya mdomo wa kila mmoja kwenye sahani ya kina kifupi yenye gololi; zinang'aa, wanazidonoa, wanakunywa. Kisha yai la kuchemsha lililopondwa, ukilidonoadonoa kwa ncha ya kijiti mbele yao kila saa moja mchana kutwa. Kifaranga wa kuku wa siku mbili tatu ni mwalimu mzuri, ila awe ametoka mashineni na hajakanyaga udongo. Kuku wa nje hubeba minyoo yenye vijidudu vya ugonjwa wa kichwa cheusi bila kuumwa wenyewe, na tausi huharisha kinyesi cha manjano kama kiberiti kisha hufa.

Stata (chakula cha kuanzia) ya kuku peke yake, yenye protini asilimia 20 hivi, haiwatoshi, na ndiyo hiyo baadhi ya wauzaji hukuwekea kwenye mfuko kama zawadi. Gramu 800 za stata na gramu 200 za dagaa wakavu waliosagwa, wasio na chumvi wala mchanga, zinakufikisha karibu asilimia 27. Endelea hivyo wiki sita.

Aliyeliwa hela asifute chochote: ujumbe, jina lililotokea wakati wa kutuma, picha ya boksi na tarehe. Tanzania namba ya tapeli inatumwa 15040, kwa Safaricom Kenya ni 333, kisha polisi ukiwa na ushahidi huo mkononi.